Aliyeitwa Kutoka Osaka

Iap Bun-seng alimdanganya mama yake kwa simu, akiwa amesimama jikoni kwake Taipei na kijiko mkononi, na uongo wenyewe ulimtoka kirahisi kiasi kwamba hata supu haikupoa.

"Kampuni inanituma Osaka, Mama," alisema. "Wiki hiyohiyo. Nimejaribu kukataa, bosi hasikii."

Mama yake alikuwa nyumbani kwao Madou, mbali na jiji. Alisema kazi ni kazi, na kwamba yeye mwenyewe atamweleza baba.

Baba alikuwa amekufa miaka saba nyuma. Lakini kwa watu wa kwao marehemu halali kaburini moja kwa moja. Nyama ikishaisha na mifupa ikishakauka, mpiga ramli huchagua siku na saa, kaburi hufunguliwa, na fundi wa mifupa huitoa mmoja mmoja, akaisafisha na kuipanga ndani ya mtungi, miguu chini, fuvu juu, kama mtu aliyeketi. Halafu mtungi hupelekwa kwenye mnara wa kuhifadhia mifupa, kukaa na mitungi ya wenzake. Jua halitakiwi kuigusa mifupa hiyo hata kidogo, kwa hiyo mtoto wa kiume husimama juu ya kaburi na mwavuli mweusi tangu kazi inapoanza mpaka inapokwisha. Mzee Iap alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekuwa anakoroga supu.

Osaka hakukuwa na kazi yoyote. Kulikuwa na safari ya kitalii aliyoilipia tangu mwaka mpya, ya kwenda milima ya Toyama, nchi ileile ya Osaka lakini mbali nayo, mahali panapoitwa Murodo, ambako theluji ya msimu mzima hukatwa kwa mashine ili barabara ipite, watu wakatembea katikati ya kuta nyeupe zilizolipita basi kwa urefu. Mpiga ramli ndiye aliyekuja kuiangusha siku ya baba palepale juu ya siku ya theluji. Safari ingeweza kuvunjwa. Mtu mwingine yeyote angeivunja bila kufikiri mara mbili. Lakini Bun-seng alikuwa amechoka kuwa mtoto wa kiume wa pekee, na zaidi ya hayo, tuseme kweli, alikuwa anaogopa. Hakutaka kuliona fuvu la baba yake. Uoga huo hakumwambia mtu. Aliuvika suti ya kazi akaupeleka Osaka.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri mno. Anga lilikuwa safi, kuta za theluji ziling'aa hadi zikaumiza macho, na watalii, karibu wote watu wa kwao, walikuwa wanarushiana mabonge kama watoto wa shule walioachwa na mwalimu. Bun-seng naye alirusha na kurushiwa. Mama mmoja mnene wa Kaohsiung, ambaye hata jina lake hakulijua, alimtia bonge zima ndani ya kola, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ni pale alipokuwa anajipangusa shingo ndipo alipotupa jicho kwenye saa yake, akaona kwamba ni saa ileile aliyoichagua mpiga ramli. Akauficha mkono mfukoni. Baada ya dakika chache alikuwa anacheka tena.

Jioni, hotelini, tumbo likaanza. Kwanza alidhani ni samaki mbichi wa chakula cha jioni. Maumivu yakashuka upande wa kulia, yakaweka kambi hapo, na kulipokucha hakuweza hata kunyoosha mguu. Wakamshusha mjini kwa gari la wagonjwa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umetapakaa, hivyo wakampasua siku hiyohiyo. Kiongozi wa msafara, msichana mwenye kibendera cha njano, aliomba radhi mara nyingi, akamwachia begi lake miguuni mwa kitanda, akaondoka na kundi lake. Basi la watalii halina subira na mgonjwa.

Kijapani Bun-seng hakukijua, na Kiingereza cha daktari kilikuwa cha kuokoteza kama chake mwenyewe. Lakini herufi za kuandikia za nchi zao mbili zina asili moja, kwa hiyo walizungumza kwa kalamu. Daktari aliandika "usaha". Akaandika "homa". Akaandika "subira". Alipotoka, nesi wa zamu, mwanamke wa makamo aitwaye Hoshino, aliichukua kalamu hiyohiyo, akaandika "familia", na mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Bun-seng aliitazama ile karatasi. Halafu akaandika "hakuna".

Uso wa Hoshino ulibadilika palepale. Tangu siku hiyo alimhudumia kwa huruma ambayo mgonjwa wake hakuistahili hata chembe. Alimpulizia uji upoe, alimkanda miguu isife ganzi, alimwekea mto mgongoni kabla hajaombwa, na kila alipomwinamia, Bun-seng alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu ana mama, ana dada, halafu anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hana mtu. Na sababu aliijua. Mgonjwa mwenye familia, familia yake huja. Wa kwake wakija, watamtafuta Osaka.

Alimpigia dada yake, A-kim, baada ya kuzinduka vizuri. A-kim alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu, mwenye duka la vifaa vya pikipiki na ulimi usio na breki.

"Kaka? Mbona sauti kama ya babu?"

"Niko hospitali. Kidole tumbo. Wameshanipasua."

"Hospitali wapi?"

Hapo ndipo alipopewa nafasi ya kusema kweli, tena akiwa na mrija puani na mwingine ubavuni. Ungedhani hali hiyo ingemlegeza.

"Osaka," akasema.

"Nakuja."

"Usije. Kampuni imeniwekea mtu."

"Mtu wa kampuni ndiye atakayekutawaza?"

"Kuna nesi, A-kim. Tulia."

A-kim akashusha pumzi ndefu. "Haya, bwana mkubwa. Hata hivyo mkono wenyewe siwezi kuunyanyua. Unajua nani alishika mwavuli? Mimi. Mtoto wa kike, mke wa ukoo mwingine. Fundi wa mifupa alinitazama kama nimeingia choo cha wanaume. Na upepo ule, kaka, mwavuli ulitaka kuondoka na mimi. Mama akanishika kiuno tangu mwanzo mpaka mwisho, umri wake ule, kwenye jua lile."

"Pole, mdogo wangu."

"Pole yako iweke. Pona kwanza, tutagombana baadaye."

Akakata simu, na Bun-seng akabaki na picha ambayo hakuiomba: wanawake wawili ukingoni mwa kaburi, mmoja kamshika mwenzake kiuno, na baba anatoka chini kidogo kidogo.

Kidonda kilianza kujifunga, lakini homa iligoma. Asubuhi ilimwachia, jioni ikampanda, na shuka zikalowa. Daktari alibadilisha dawa, akapiga picha za tumbo, akaandika tena "subira", safari hii kwa mwandiko wa mtu ambaye subira yake mwenyewe inaanza kuyumba. Bun-seng hakuwa mtu wa dini. Kazi yake ilikuwa kompyuta, na hekaluni alishika udi ili mama asinune. Lakini katika homa ile kuna jambo lilimjia na halikumwondoka: kwamba aliyelala pale kitandani ni ganda tu, na mwenyewe yuko mahali pengine, pengine bado kwenye ile barabara katikati ya zile kuta, kola imejaa theluji, anacheka. Alianza pia kuamini kwamba baba ndiye aliyemshika tumbo. Alimwomba radhi kimoyomoyo, kwa maneno ya jumla jumla, maneno ambayo hayamgharimu mtu kitu.

Madou hawakuhitaji picha za tumbo. Mama alikwisha kujua. Mtu akishtuka, au akianguka, au akikatwa kisu, roho yake huweza kumtoka, ikabaki palepale ilipotokea kwa kuwa haijui njia ya kurudi, na mwenye roho ataungua na homa mpaka iitwe. Basi akaanza kuiita.

"Kila jioni," A-kim alimsimulia kwenye simu. "Amelitoa lile shati lako la mistari uliloliacha mwaka mpya. Anajaza mchele kwenye kikombe, anausawazisha, anaufunga ndani ya shati, anasimama mlangoni na udi. Mtaa mzima wanajua roho yako iko Osaka. Yule muuza vitumbua vya mchele ameniuliza kama umeshapata tiketi ya kurudi."

"Mwambie aache, atachoka."

"Mwambie wewe. Mimi nilimwambia, akanipa kazi. Yeye anaita, mimi naitikia 'amerudi'. Halafu anafungua shati, anaangalia mchele. Una shimo. Anasema hujarudi. Kesho yake tena."

"Shimo gani?"

"Shimo, kaka, la kuingia kidole. Mimi nilidhani macho yake hayaoni, hajajaza vizuri. Jana nikajaza mwenyewe, nikausawazisha kwa kisu. Shimo." Akacheka, lakini si sana. "Kwani uko huko kweli, au unazurura?"

Bun-seng alisema anahisi usingizi.

Hakulala. Alijieleza kisomi kwamba mchele ukitikiswa hushuka, na kwamba mikono ya mama inatetemeka. Yote sawa. Lakini hayo hayakufuta lile jingine, kwamba jioni baada ya jioni kikongwe alikuwa anasimama kizingitini na kupeleka sauti yake katika mji ambao mwanawe hajawahi kuukanyaga. Hata kama hakuna roho, hata kama yote ni mchele na moshi, sauti ilikuwa ya kweli, na ilikuwa inakwenda kugonga mlango usio na mtu. Na yeye ndiye aliyempa anwani. Jambo hilo lilimkaba kuliko kidonda.

Siku iliyofuata, mchana, simu ikalia. Ilikuwa namba ya nyumbani.

"Mwanangu."

Hakuitambua sauti. Ilikuwa ya kukwaruza, nusu yake hewa tupu.

"Mama, sauti imefanya nini?"

"Si kitu. Nakuita kwa nguvu, Osaka mbali." Akakohoa, akaendelea. "Sikiliza. Nimemuuliza bibi wa hekaluni, yule anayeita roho za watoto wa watu, anasema huenda kosa ni langu. Osaka mji mkubwa, mimi nakuita juu juu. Natakiwa nitaje na mtaa. Haya, nitajie hospitali iko mtaa gani. Na pale ulipougulia, ni ofisini au njiani? Taja vizuri, mwanangu, leo nikuite sawasawa."

Jina likamjia Bun-seng hapohapo: Umeda. Alilisikia kwenye televisheni, mtaa wa maduka na treni. Lilikuwa limekwisha kukaa ncha ya ulimi. Lingetosha. Mama angelirudia mara mbili tatu mpaka limkae mdomoni, na jioni angesimama mlangoni akaimalizia Umeda ile sauti kidogo aliyobakiwa nayo. Uongo wa mwanzo ulihusu kazi, na mambo ya kazi watu hudanganyana kila siku. Huu ungehusu roho yake mwenyewe, na angemdanganya mtu pekee duniani aliyekuwa anahangaika kuitafuta.

"Upo?" mama akauliza.

"Mama," akasema. "Siko Osaka."

Alisikia pikipiki ikipita nje ya nyumba yao, na televisheni ya jirani.

"Uko wapi?"

"Hospitali iko Toyama. Nilipoanza kuugua ni milimani, huko huko. Panaitwa Murodo."

"Kazi gani ya milimani?"

"Hakukuwa na kazi. Sikutumwa na mtu. Nilikwenda kuangalia theluji." Maneno yalianza kumtoka yenyewe sasa, hayashikiki. "Siku ya baba nilikuwa kwenye theluji, Mama. Niliogopa kuja. Niliogopa kumwona vile. Hata baada ya kupasuliwa nikamdanganya A-kim, na huku nikawaambia sina familia. Nimewaandikia kabisa, kwa mkono wangu."

Alingoja. Alikuwa tayari kwa kilio, kwa laana, hata kwa simu kukatwa. Angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Sema tena jina," mama akasema.

"Jina gani?"

"La huko mlimani."

"Murodo."

"Murodo," mama akalijaribu. "Mu-ro-do. Na mjini?"

"Toyama."

"Toyama." Akakohoa. "Sawa. Usizime simu jioni."

Akakata.

Jioni homa ilipanda kama desturi yake. Hoshino alikuwa anambadilishia barafu kichwani simu ilipolia, na A-kim, ambaye kwa kawaida husema kabla hujasema, hakusema neno. Bun-seng akajua ameshaambiwa. Alisikia simu ikiwekwa mahali pagumu, pengine kwenye kiti cha pale mlangoni. Alisikia kiberiti. Kisha akamsikia mama yake.

"Iap Bun-seng," mama aliita, "mtoto wa Iap wa Madou, nyumba ya mkabala na bwawa. Ondoka Murodo. Usikae kwenye baridi, usikae barabarani. Pita Toyama, uuchukue mwili wako, uje nyumbani. Umerudi?"

Hapo ndipo mtu wa mlangoni hutakiwa kuitikia. Asipoitikia, mwito umepotea bure, ni kama haukuitwa. Bun-seng alingoja. A-kim alikuwa pale, pumzi zake zilisikika karibu kabisa na simu, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Mama hakumgombeza. Akaanza upya, kwa maneno yaleyale, na sauti yake ilipofika kwenye jina la mlima ikakatika katikati, akameza mate, akalimalizia. "Umerudi?"

Kimya tena. Bun-seng alijua anachokifikiri dada yake, kana kwamba kimeandikwa ukutani: mwavuli, jua, jicho la fundi wa mifupa. Hakuweza kumlaumu. Angekuwa yeye, asingeitikia. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe aliogopa kwamba hatapona, si kwa sababu ya usaha, bali kwa sababu kuna mtu alikuwa na haki ya kumwacha huko aliko, na mtu huyo anatumia haki yake.

Mara ya tatu mama aliita kwa sauti ambayo haikuwa sauti tena. "Umerudi?"

"Amerudi," A-kim akasema. Alilisema shingo upande, kama mtu anayelipa faini ya kosa la mwingine. Lakini alilisema. Baada ya kidogo, bila kuulizwa, akalisema tena, na safari hii sauti ilimtetemeka. "Amerudi, Mama. Inatosha."

Bun-seng akalia kwa kwikwi mpaka nyuzi za tumbo zikamvuta na Hoshino akamshika mabega. Nesi hakuelewa hata neno moja kwenye ile simu. Alielewa tu kwamba huyu mtu asiye na familia analia na simu sikioni, na kwamba humo ndani kuna mwanamke mzee.

Homa ilishuka kesho yake na haikurudi. Daktari alifurahi, akaandika "dawa mpya", akapigia mstari. Bun-seng akatikisa kichwa kukubali, na kweli alikubali, dawa ni dawa. Habari za mchele hakuuliza. Aliomba kalamu, akamwandikia Hoshino, "Nina mama. Nina dada. Nilisema uongo." Hoshino aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Siku hiyo hakumkanda miguu.

Katika siku za kungoja kuruhusiwa, Bun-seng alifikiri kwa mapana kuliko alivyozoea. Alikuwa amejiaminisha kwamba ugonjwa ni adhabu ya baba, na sasa aliona kwamba adhabu ingekuwa nafuu kubwa. Ukiadhibiwa, umemaliza, mko sawa. Yeye hakuwa ameadhibiwa. Alikuwa ameitwa, kwa jina na kwa mahali, na watu ambao walikuwa na kila sababu ya kumwacha, na aliyeitwa hana budi kwenda kusimama mbele ya aliyemwita. Hakupata dini kubwa kuliko hiyo, na hiyo yenyewe ilimwelemea. Mwili ulipata nguvu kila siku, na kadiri ulivyopata nguvu ndivyo alivyoona haya zaidi kuwa nao.

Alipofika Madou mama alikuwa kizingitini. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akamshika kiwiko, akamwingiza ndani na kumwekea tambi na mguu wa nguruwe, chakula cha kumwondolea mtu mkosi. Mama alikuwa amekonda. Sauti yake ilikuwa bado haijarudi yote. Hakuuliza kitu.

A-kim ndiye aliyeuliza. "Kula, mtu wa theluji. Au watu wa Murodo hawali cha moto?"

"Nisamehe, A-kim."

"Nimesema tutagombana baadaye. Kula kwanza, sigombani na mifupa mitupu." Alijisikia akisema hivyo, akamwongezea nyama kwenye bakuli.

Bun-seng hakuweza kuendelea kula. Aliweka vijiti chini. "Mama, niagize kitu. Chochote. Nifanye nini?"

"Hakuna cha kufanya," mama akasema. "Baba yako ameshapangwa, mtungi umeshafungwa. Mwavuli haushikwi mara mbili." Akapangusa meza mahali ambapo palikuwa pakavu. "Lakini kuna jambo moja linaninyima usingizi. Fundi alipoutoa mfupa wa kwanza, mimi ndiye niliyezungumza na baba yako, asishtuke. Nikamwambia nani yupo. Nikamwambia mwanao hayupo, yuko Osaka, ametumwa na kazi, usimkasirikie. Miaka yote ya ndoa yetu sikumdanganya baba yako hata bei ya samaki. Nimekuja kumdanganya akiwa mifupa. Uongo ulikuwa wako, mwanangu, lakini mdomo ulikuwa wangu. Kesho twende ukaufute."

Hakuinua sauti, na hata angetaka hakuwa nayo. Bun-seng aliinamisha kichwa juu ya bakuli, akahisi kwamba kati ya yote aliyoyafanya hili hakulijua, na ndilo baya kuliko yote.

Asubuhi wakaenda mnarani watatu. Mlinzi aliwafungulia kijilango cha shaba, na ndani yake mtungi ulikuwa umekaa, wa kahawia, mpya, na jina la baba kifuani. Mama aliwasha udi, akamjulisha marehemu waliokuja. Kisha akasogea pembeni. A-kim akasimama nyuma, mikono kifuani.

Bun-seng alipiga magoti. Njiani alikuwa ametunga hotuba, yenye majuto na ahadi, na sasa aliiona haifai. Baba alikuwa mtu wa bustani ya matunda, hakupenda maneno yanayozunguka.

"Baba, ni mimi, Bun-seng," akasema. "Siku ile ulipotolewa sikuwa Osaka. Mama alikwambia hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Hana kosa. Hakuna aliyenituma kazini. Nilikwenda mlimani kuangalia theluji." Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na hakuna mtu aliyelijua, angeweza kuliacha. "Saa ile hasa walipokuwa wanakutoa, niliitazama saa. Nilijua. Na bado nilicheka. Nilikuwa na furaha, Baba. Siku nzima nilikuwa na furaha."

Udi uliendelea kuungua. Nyuma yake A-kim alivuta kamasi kwa nguvu, kwa hasira au kwa jambo jingine, haikujulikana. Bun-seng alibaki amepiga magoti, akingoja mkono wa mama umwinue au umsukume, vyovyote vile.

Mama aliusogelea ule mtungi, akaupangusa kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi.

"Sasa mweleze theluji yenyewe ikoje," akasema. "Baba yako hakuwahi kuiona."